Kutoa Upepo Peke Yako

4 Machi

Baba, shikamoo.

Najua mwandiko umeutambua kabla hujafungua bahasha, na huenda umeiweka kando siku mbili ukijifanya una kazi nyingi. Sawa tu. Mimi sijambo, mzima, meno yote ninayo. Wewe mgongo unaendeleaje? Na mama anaendeleaje? Mama hasa. Hilo ndilo ninalotaka kujibiwa kwanza.

Nina gereji yangu sasa. Usicheke. Ni banda la mabati nyuma ya duka la rangi, linaingia gari moja na mtu mmoja mwembamba. Mwenye duka, watu wanamwita Bosi wa Rangi, alinipangisha kwa sababu fundi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na matusi. Nafanya breki tu, asubuhi mpaka jioni. Wateja wanakuja wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nawaambia, "Unaongea naye." Wanachungulia nyuma yangu, labda kuna mwanamume kajificha kwenye matairi!

Shida yangu ni moja. Nafanya kazi peke yangu. Kukata paipu ya breki naweza, kuipanua mdomo naweza, ulinifundisha mwenyewe. Lakini nikifika kwenye kutoa upepo ulionaswa ndani ya paipu, nakwama. Anatakiwa mtu akae kwenye kiti akanyage pedali, na mwingine alale chini afungue nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo gurudumuni. Ningeweza kumwomba mwenye gari anikanyagie, lakini siwezi, baba. Nikilala chini nikitaka kusema "kanyaga," sauti inagoma. Na nikisikia mtu kule juu anaitikia "nimeshika," naiacha spana natoka chini ya gari. Sababu unaijua. Zamani mama akiwa kasafiri ulikuwa unatoa upepo mwenyewe, bila mtu. Ulikuwa unafanyaje?

Msalimie mama. Mwambie naomba neno moja kutoka kwake, hata likiwa tusi nitalipokea. Miaka tisa ni mingi.

Mwanao.


29 Machi

Mguu Mwepesi,

Marahaba. Mgongo upo, unauma kwa zamu, leo juu kesho chini. Mama yako mzima nusu. Ile nusu nyingine unajua ilikokwenda.

Miaka tisa kimya, halafu leo unaandika, na unachouliza ni upepo! Watoto wa wenzangu wakiandika huuliza kama wazee wao wamekula. Na kama ulidhani mtaani wamesahau, jina lako liko palepale. Hata watoto waliozaliwa ukiwa umeshaondoka wanamjua Mguu Mwepesi.

Unasema hutaki mtu wa kukukanyagia pedali. Vizuri. Heri ukose kabisa kuliko umpate wa aina yako. Na umeandika "sababu unaijua" kwa wepesi sana, kwa hiyo ngoja nikukumbushe. Pikapu ya mwuza mbao, ile ya kijani. Mimi chini, wewe kwenye kiti, una miaka kumi na saba na akili ya kuku. Nikasema kanyaga. Ukasema nimeshika. Nikafungua nipeli, na wewe ukainua mguu kabla sijafunga. Badala ya upepo kutoka, ukaingia. Nikaliwasha gari ili nilijaribu palepale uani, pedali ikazama mpaka sakafuni, na mama yako alikuwa ukutani anaanua nguo. Gari likambana, madaktari wakamkata mguu juu ya goti. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sikiliza, maana sitaki siku moja niambiwe fundi niliyemfundisha mimi ameua mtu. Tafuta chupa safi ya plastiki na mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Toboa kifuniko, pitisha mpira mpaka chini ya chupa, mimina mafuta ya breki kimo cha vidole viwili, mdomo wa mpira uzame humo. Upande wa pili uvishe kwenye nipeli. Chupa ining'inie juu kuliko nipeli. Fungua nipeli robo mzunguko, kaa kwenye kiti, kanyaga polepole, achia polepole. Ukiachia, kinachovutwa kurudi ni mafuta ya chupani, si upepo. Anza na gurudumu la mbali zaidi na pedali. Kopo la mafuta ya breki kule juu kwenye injini usiliache likauke hata mara moja, likikauka umerudi mwanzo. Na ukifungua paipu, simamisha fimbo kati ya kiti na pedali, ibonyeze kidogo tu, mafuta yasije yakamwagika yote huku wewe unatafuta spana.

Mama yako aliisoma barua yako, akaikunja, akaendelea kushona. Hakutuma neno.

Baba yako.


17 Aprili

Baba, shikamoo tena. Hamjambo hapo nyumbani? Mimi sijambo, ila vidole vimechubuka, na hilo si ugonjwa kwa fundi.

Chupa imefanya kazi! Magari matatu sasa, pedali zote ngumu. Naifunga kwa kamba kwenye kioo cha pembeni, na mzee mmoja alipoikuta inaning'inia na mpira wake akaniuliza gari lake limelazwa lini, maana anaona limetundikiwa dripu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijacheka hivyo siku nyingi.

Baba, niseme wazi. Miaka tisa najiuliza mguu wangu uliinuka saa ngapi. Sikumbuki kuuinua. Nakumbuka nimekaza mpaka paja linauma. Lakini wewe ndiye uliyekuwa chini, wewe ndiye uliyeona mafuta, na mimi nilikuwa mtoto, kwa hiyo nikaamini. Siku hizi mguu wangu wa kulia siuamini hata kwenye ngazi. Jirani yangu hapa ana mtoto mchanga, akinipa nimshikie namshika nikiwa nimekaa. Kusimama naye siwezi.

Nataka kuja siku moja tu. Sitalala. Nimtazame mama, nimwombe msamaha uso kwa uso, niondoke. Niruhusu.

Mwanao.


6 Mei

Mguu Mwepesi,

Salamu zimefika. Huku tunapumua.

Usije. Mama yako akisikia sauti yako barazani ataenda kufunga mlango, na mpaka afike hapo mlangoni na yale magongo yake, atakuwa hoi. Unataka kumchosha ili roho yako itulie? Msamaha wako uandike kwenye karatasi uuweke mfukoni.

Umenichekesha na habari za mtoto wa jirani. Angalau una akili ya kujijua.

Nikuongezee jambo la kazi kisha nikuache. Gari likikusumbua hata kwa chupa, chukua bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, lijaze mafuta, yasukume kutoka kwenye nipeli kwenda juu. Upepo asili yake kupanda, usibishane nao, usindikize unakokwenda. Kabla hujasukuma, punguza mafuta kwenye kopo la juu, la sivyo yatafurika yatakula rangi ya gari la watu.

Mimi pia nafanya peke yangu sasa. Msaidizi wa tatu ameondoka. Amesema nina mdomo. Nikamwambia mdomo ninao tangu nizaliwe, yeye alitaka nile kwa sikio?

Baba yako.


2 Juni

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kaa kwanza.

Jana nilifanya kosa. Gari la nesi mmoja, breki za mbele. Nilifungua magurudumu yote mawili, nikazitoa kalipa zote mbili zinazobana diski, nikaziosha kwenye beseni moja kama ulivyonifundisha: beseni moja, mafuta ya taa kidogo, usifanye ubadhirifu. Nikazifunga. Nikavisha mpira, nikatundika chupa, nikaanza. Saa nzima, baba. Viputo vichache mwanzoni, kisha mafuta safi kabisa, na pedali bado laini. Nikipiga mara nne inapanda, inakuwa ngumu, moyo unafurahi. Nikienda kunywa chai nikarudi, nikikanyaga mara moja inazama.

Nikalala chini nitazame. Nipeli ilikuwa inatazama ardhini. Nilizichanganya kwenye beseni. Ya kulia nimeifunga kushoto, ya kushoto nimeifunga kulia. Zinaingia vizuri tu, bolti zinakaza, huwezi kushtuka. Lakini nipeli ikiwa chini, upepo unabaki umekaa juu ndani ya kalipa, na ungepiga pampu mpaka kiyama usingetoka. Nikazibadilisha. Dakika kumi, pedali ikawa jiwe. Nikacheka peke yangu, nikajiita mjinga. Halafu kicheko kikaisha.

Siku ile ya pikapu uliniita nikuletee kopo fupi la samaki, kwa sababu chupa haikuenea chini ya nipeli. Unakumbuka? Mafuta yalikuchuruzika mkononi mpaka kwapani, ukatukana. Halafu ukapanda kwenye gari, ukapiga pedali mara nne, ikapanda, ukasema, "Imekamata hiyo." Ukaenda kunawa mikono. Uliporudi ukawasha, na ulipofika uani ulikanyaga mara moja.

Kalipa zilikuwa kwenye beseni moja siku ile, baba. Mimi ndiye niliyelibeba hilo beseni.

Mguu wangu haukuinuka. Nilisema nimeshika, na nilikuwa nimeshika.

Sikuandikii ugomvi. Huenda hata wewe unajua leo kwa mara ya kwanza. Kosa la beseni linaweza kumpata yeyote, limenipata mimi nikiwa na akili zangu timamu na mchana kweupe. Nakusamehe hapahapa, yameisha. Naomba kitu kimoja tu. Mwambie mama. Ajue si mimi niliyemkata mguu.

Mwanao.


9 Julai

Baba, shikamoo. Hamjambo?

Barua yangu ya mwezi wa sita ilifika? Posta wanasema ilifika. Umemwambia mama?

Mwanao.


20 Agosti

Baba,

Umemwambia?

Mwanao.


3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba kwa barua zote tatu. Sisi wazima. Mvua imeanza na paa la gereji linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Umenitafutia kisingizio cha kutojua, na kwa hilo umenivunjia heshima. Mimi ni fundi. Nilijua kesho yake asubuhi. Nilifungua magurudumu, nikaona nipeli zinatazama chini, nikazibadilisha, nikanawa, nikaenda hospitali. Mwuza mbao alipokuja kuuliza imekuwaje, wewe ulikuwa umekaa kwenye kizingiti cha gereji unajipiga paja na kulia, "Ni mimi, ni mimi." Mimi sikusema neno. Mzigo ulijitwika mwenyewe. Sikukutua, basi. Baadaye watu walivyozidi kuuliza nikasema ndiyo, aliinua mguu, na kila nilipolisema likawa jepesi zaidi kusema.

Unataka nimwambie mama yako. Nilimwambia siku ya sita, akiwa bado kitandani wodini. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi asijue mtu. Mtoto wa kike ataolewa, ataondoka, huko aendako hawatajua habari zake. Lakini fundi wa breki aliyemponda mkewe kwa breki zake mwenyewe, nani atamletea gari? Tutakula nini, na mimi na mguu mmoja?" Hayo ni maneno yake, sijaongeza chumvi. Aliporudi nyumbani akawa hawezi kukutazama. Wewe ulidhani ana hasira na wewe, ukafunga mizigo. Tukakuacha uendelee kudhani.

Sasa umejua. Utalia, utanyamaza.

Nina jambo jingine. Mikono yangu imeanza kutetemeka. Nati ya paipu naigeuza duara, spana inazunguka bure, gari la watu linalala hapa siku tatu. Peke yangu siwezi tena, iwe kwa chupa au kwa bomba. Rudi nyumbani. Gereji ichukue, mashimo yote mawili ya kuingilia chini ya magari, vifaa vyote, iwe mali yako, nitaandika mbele ya mashahidi. Sharti ni moja: mambo ya zamani yabaki yalivyo. Wateja wameshazoea. Utafanya kazi safi mwaka mmoja, miwili, wenyewe watasema kumbe yule binti amejirekebisha. Mama yako amekubali uje. Amesema mtakula meza moja.

Baba yako.


15 Oktoba

Baba, shikamoo.

Mimi si mzima, nisikudanganye. Niliisoma barua yako nimesimama dukani kwa Bosi wa Rangi, nikatapika kwenye ndoo yake ya chokaa. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, wote wazima.

Nimejirekebisha nini? Miaka tisa! Mlikuwa wawili ndani ya nyumba moja, mnakula, mnalala, mnaamka, mnasikia watoto wa watu wanaimba Mguu Mwepesi dirishani, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje kuwaambia nyamazeni. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa natembea barabarani nikiutazama mguu wangu kama wa mtu mwingine. Nawachukia. Naandika hivyo kwa wino, nawachukia nyote wawili, na bado kila siku nataka kurudi nyumbani. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya yote.

Kwa hiyo nitakuja. Unasikia? Nitakuja nikiwa na sharti langu, na la kwako ulitupe. Jumamosi yoyote utakayochagua, saa nne asubuhi, mwite mwuza mbao pale uani. Waite na hao majirani waliozoea. Mama awekewe kiti. Halafu wewe useme kwa mdomo wako: "Nilifunga kalipa kinyume. Mtoto wangu alikuwa ameshika pedali." Maneno manane, nimeyahesabu. Sitaki uombe radhi, sitaki ulie. Ukishasema, siku hiyohiyo navaa ovaroli, nakuwa mikono yako mpaka siku unazikwa, na jambo hili hutanisikia nalitaja tena. Mama nitamwogesha, nitampikia, nitampeleka kokote atakako.

Nimeshamwambia Bosi wa Rangi huenda nikaondoka. Amelia kidogo. Nipe tarehe.

Mwanao.


11 Novemba

Mwanangu,

Natumaini afya imerejea. Sisi hatujambo.

Barua yako tuliisoma mezani, mimi na mama yako, kila mmoja kwa zamu. Mimi nilikuwa karibu kukubali. Nakuambia ukweli, nilishaanza kuyasema yale maneno manane bafuni, nione kama yanapita. Mama yako akauliza, "Kwani lazima mwuza mbao awepo?" Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akauliza, "Na majirani?" Nikasema na majirani. Akasukuma kikombe cha chai pembeni. Kisha akasema, "Basi uza gereji."

Nimeuza. Mwuza mbao ndiye aliyenunua, anafanya ghala. Mashimo ameshayafukia. Tulipomaliza kusaini alinishika mkono akanipa pole, akasema mtu mwenye mtoto kama yule angekuwa ameuza zamani. Nikahesabu pesa.

Vifaa sikuuza. Vyote viko kwenye sanduku la mbao, utalipokea kituo cha mizigo, nenda na kitambulisho. Kikata paipu, kile cha kupanulia mdomo, spana za nati za paipu seti nzima. Ile ya kumi imeliwa kidogo upande mmoja, itumie upande wa pili. Wewe ni fundi kuliko mimi. Naliandika hapa, na litabaki hapahapa kwenye karatasi.

Mama yako anataka kuandika kidogo hapa chini. Amenifukuza chumbani, kwa hiyo sijui atakuandikia nini. Atabandika bahasha mwenyewe.

Baba yako.

Mwanangu,

Siku ile nilikuwa nimekuletea maji ya kunywa. Baba yako alikuwa chini ya gari, nikasimama mlangoni nikisubiri mmalize. Mguu wako niliuona. Ulikuwa umekanyaga kwa nguvu zako zote mpaka goti linatetemeka, na haukuinuka hata mara moja. Baba yako alipokuja kuniambia wodini, mimi nilikuwa najua.

Sina uso wa kukutazama nao. Usije.

Mama yako.